Dawa ya nywele ya bei ya kutupa imenitia aibu siku ya sendofu ya watu. Vipodozi vilivyoisha muda mnavitambuaje?

#1 Kitana Cha Mbao (mleta mada)

Mwangaluka wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Nina saluni ndogo Igoma, hapa Mwanza, viti vitatu na draya mbili, moja inafanya kazi na nyingine ya kuanikia taulo. Mwaka wa sita huu. Jumamosi ya juzi alikuja binti mmoja ambaye nywele zake nazijua kuliko anavyozijua mwenyewe, nimeshamwekea dawa mara nne. Sendofu yake ilikuwa jioni ile ile.

Dawa niliyomwekea nilikuwa nimeinunua wiki hiyo mjini, kwenye duka moja la jumla. Kopo kubwa, chapa ninayoitumia siku zote, ila bei karibu nusu. Mtu mwenye akili zake angesimama akajiuliza. Mimi nilibeba makopo manne nikapanda daladala najiona mjanja.

Nafungua kopo, juu pana maji ya njano kama ya mtindi uliokaa siku nyingi, chini kuna ute mzito umejikusanya. Nikasema ni joto la safari hili. Nikachukua mwiko wa kuchanganyia nikakoroga mpaka ikaonekana moja. Nikampaka mafuta ya mgando masikioni, kwenye paji na kisogoni kama kawaida, nikaanza nyuma kuja mbele.

Dakika ya 7 ananiambia, "Anti, hapa nyuma panawaka." Nikamjibu vumilia kidogo mwanangu, urembo ni kazi. Hilo neno linanirudia usiku mpaka leo.

Kuja kuosha, upande wa kulia nywele zimelala kama uzi wa hariri. Utosini dawa haikuingia kabisa, kipilipili kile kile alichokuja nacho. Na kisogoni ngozi imetoka, kidonda ukubwa wa sarafu ya 200, kinatoa majimaji. Binti hakulia. Alijitazama kwenye kioo akauliza, "Sasa, anti?" Tukamfunga kilemba. Kilimpendeza, watu walimsifia, lakini sisi wawili tulijua kilichokuwa chini yake.

Baada ya kuondoka ndipo nikageuza kopo. Kuna stika nyeupe ya bei imebandikwa kwenye tako la kopo. Nikaikwangua kwa ukucha. Chini yake: EXP, na mwaka ulioandikwa ulishapita zamani. Makopo yote manne hivyo hivyo, stika imekaa mahali pale pale. Hiyo si bahati mbaya.

Nimemrudishia hela yake na matibabu nimelipa mimi. Mama yake hanisemeshi mpaka sasa. Nilipolirudia lile duka kijana akaniambia, "Mama, wenzako wanachukua na hawajaleta malalamiko."

Haya, yaliyopita yamepita. Jumatatu nimefunga saluni nusu siku, nikashusha kila kitu kabatini nikakagua. Nimechanganyikiwa zaidi. Kuna vitu vina tarehe mbili. Kuna kimoja kimeandikwa 03/04/26 sijui ni mwezi wa tatu au wa nne. Kuna losheni haina tarehe yoyote, ina kikopo kimechorwa na "12M" ndani. Kuna dumu la lita 5 la shampuu ambalo mimi mwenyewe huwa naliongezea maji liende mwezi mzima (msinicheke, nani asiyefanya hivyo?). Kuna mafuta ya nyonyo niliyonunua mnadani, chupa ilikuwa ya soda, hayana hata jina.

Kwa hiyo nauliza wenye ujuzi. Mnajuaje kitu kimeisha muda? Na kisipokuwa na tarehe?

#2 Ngoja Waje

Nimekaa pale na kahawa yangu na kashata mbili. Wajuzi tiririkeni.

#3 Sangara Mkavu

Pole kwa yaliyokukuta mama, ila mimi hizi tarehe naziona ni biashara ya viwanda ili tununue kila siku. Bibi yangu kule Ukerewe ana kopo la mafuta ya mgando tangu mimi niko darasa la tano. Sasa hivi nina watoto wawili. Anajipaka na ngozi yake inang'aa kuliko ya hawa mabinti wa mjini. Kopo halijaharibika. Lako limeharibika kwa sababu ni feki, siyo kwa sababu ya tarehe.

#4 Mkemia wa Nyegezi

Sangara, bibi yako yuko sahihi, wewe ndiye umekosea hesabu. Mafuta ya mgando hayana maji ndani yake, na vijidudu bila maji havizaliani. Tena yametokana na mafuta ya ardhini, siyo ya mbegu, kwa hiyo hayachachi kirahisi. Ndiyo maana yanavumilia miaka. Usichukue kopo la bibi ukalifanya sheria ya kabati zima.

Kitu chenye maji ndani yake ni habari nyingine. Shampuu, kondishena, losheni, krimu, jeli, vyote hivyo vimewekewa kihifadhi ili vijidudu visiote, na kihifadhi kina nguvu ya muda fulani. Kila ukichovya vidole kopo linapokea wageni. Mama Kitana, hapo kwenye dumu la shampuu nisikufiche: ukiongeza maji unapunguza nguvu ya kihifadhi pia. Kiwanda kilipima kihifadhi cha shampuu ile, siyo cha shampuu yako na ndoo ya maji. Ukitaka kuilainisha, chota ya siku moja kwenye chupa ndogo, ongeza maji, jioni kilichobaki mwaga na chupa uioshe uikaushe. Dumu lenyewe liache kama lilivyotoka dukani.

Sasa dawa ya nywele. Zile za kopo za saluni nyingi nguvu yake ni sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki, ile ile wanayopikia sabuni. Krimu ni mafuta na maji vilivyolazimishwa kukaa pamoja. Kostiki inakaa upande wa maji. Krimu ikizeeka au ikipigwa joto inakatika kama maziwa: mafuta huku, maji huku. Ukikoroga kwa mwiko macho yanaona imekuwa moja, lakini hujairudisha ilivyotoka kwenye mashine ya kiwandani. Unachopaka kichwani ni mabonge ya mafuta yasiyo na nguvu pamoja na vidimbwi vya maji vyenye kostiki ya kutosha kuchuna ngozi. Utosini mwa yule binti uliangukia bonge, kisogoni ukaangukia kidimbwi. Siyo lazima iwe feki. Dawa halali iliyokatika inaweza kufanya kitu hicho hicho.

Kuna jambo lingine. Kopo likiachwa wazi wakati unapiga soga na mteja, kostiki inanyonya hewa ukaa na polepole inageuka aina ya magadi, na magadi hayanyooshi nywele. Ndiyo maana kopo la zamani lililokuwa likifunguliwa-fungwa mara nyingine halichomi wala halinyooshi, halafu fundi anaongeza dakika. Hapo ndipo nywele zinapokatika.

Na zile za boksi zenye chupa ndogo ya kuchanganyia ndani ya krimu: ukishachanganya, tumia siku hiyo hiyo. Kilichobaki ni cha kutupa, hata kama kimebaki nusu. Nimeona saluni wanakifunika na mfuko wa nailoni kisubiri mteja wa kesho.

#5 Kitana Cha Mbao

Mkemia umenimaliza. Hiyo ya mfuko wa nailoni ni mimi kabisa. Kwa hiyo nikiona maji juu ya dawa hata kama tarehe haijafika?

#6 Mkemia wa Nyegezi

Hata kama imebaki miaka miwili. Tarehe inasema "kama nimetunzwa vizuri". Kopo lililokaa kwenye kontena la bati linalopigwa na jua kutwa halijatunzwa vizuri.

#7 Dada wa Pasiansi

Jamani mimi miaka yote nilijua 12M ni mwezi wa kumi na mbili. Kila Desemba natupa losheni ambazo hazijafika nusu, Januari nanunua upya. Mume wangu asione huu uzi.

#8 Mkemia wa Nyegezi

Pole dada, umewanufaisha wenye maduka. M ni miezi. Kikopo kilichochorwa kifuniko kikiwa pembeni maana yake ni miezi ya kutumia *tangu siku ulipofungua*. 6M, miezi sita. 24M, miaka miwili. Alama hiyo imetokana na sheria za Ulaya: kipodozi kinachoweza kukaa zaidi ya miezi 30 bila kufunguliwa hakilazimiki kuwa na tarehe ya mwisho, kinawekewa hicho kikopo. Kinachokaa pungufu ya hapo lazima kiwe na tarehe, na mara nyingine utaona mchoro wa kioo cha mchanga cha kupimia saa. Kwa hiyo kikopo peke yake hakikusaidii kama hujui ulifungua lini. Chukua kalamu ya kudumu, andika tarehe kwenye kopo lenyewe siku unayofungua. Basi. Usiandike kwenye kifuniko, vifuniko saluni vinabadilishana kama kandambili msikitini.

Bidhaa za Marekani zinawachanganya watu kwa sababu sheria yao haiwalazimishi kuweka tarehe ya mwisho kwenye vipodozi vya kawaida. Kutokuwa na tarehe siyo ishara ya ufeki moja kwa moja. Na Wamarekani wanaanza na mwezi, kwa hiyo 03/04/26 kwao ni tarehe 4 mwezi wa tatu, kwetu ni tarehe 3 mwezi wa nne. Ukiwa na shaka chukua iliyo karibu. Vitu vya China na Korea huanza na mwaka: 20270315. Tena angalia kama ni tarehe ya kutengenezwa au ya kuisha, za Korea nyingi zinaweka ya kutengenezwa, mtu anaitupa krimu mpya akidhani imekufa. MFD au MFG ni kutengenezwa, EXP ni kuisha.

Ile namba ndefu ya herufi na tarakimu, LOT au BATCH, ni namba ya toleo. Kila kiwanda kina mtindo wake, usijifanye unaisoma. Kazi yake kwako ni moja: ya kwenye boksi na ya kwenye chupa zinatakiwa zifanane. Zikitofautiana, mtu amecheza na maboksi.

#9 Wanja Mweusi

Ngoja na sisi wapambaji wa maharusi tuseme, maana kwenye nywele mtu anavaa kilemba, jicho utalifunika na nini?

Maskara ni miezi mitatu. Siyo sita, siyo "bado ipo". Ile brashi inatoka kwenye kope za mtu inarudi kwenye giza lenye unyevu, kila siku. Na ile tabia ya kuipampu juu-chini kabla ya kupaka inaingiza hewa na kuikausha haraka, halafu ikikauka mtu anadondoshea maji. Nimewahi kuona mtu anatemea mate. Mate! Kisha wiki ijayo ana chokea anasema amechungulia wasiochunguliwa. Chokea siyo laana, ni bakteria. Wanja wa maji nao hivyo hivyo, miezi mitatu mpaka sita. Wa penseli una afadhali kwa sababu unauchonga, kila ukichonga unapata ncha mpya.

Faundesheni ya maji naipa mwaka nikichelewa. Ikijitenga rangi juu chini, nikitikisa ikirudi sawa naendelea, ikirudi na chembechembe kama uji wa ulezi uliopoa, inakwenda. Poda kavu inakaa miaka, shida yake ni lile gamba gumu linaloota juu, hayo ni mafuta ya uso na sponji yamejenga. Lipustiki ukitaka kuijua inuse. Ikitoa harufu ya karanga zilizolala kwenye gunia msimu mzima, mafuta yake yamechacha.

Rangi ya kucha inayojitenga usiikimbie, hiyo ni kawaida, itikise. Inayovuta kama ulimbo ndiyo imezeeka.

Kuna kitu wadogo zangu wa kazi hawapendi kukisikia: pua haitoshi. Kitu kinaweza kunuka vizuri kabisa na kina vijidudu, hasa hivi vyenye manukato makali. Kunuka vibaya ni ushahidi kwamba kimeharibika. Kunukia siyo ushahidi kwamba ni kizima.

#10 Sangara Mkavu

Kwa hiyo bibi yangu ameshinda au hajashinda?

#11 Wanja Mweusi

Ameshinda. Wewe hujashinda.

#12 Kinyozi wa Buzuruga

Niongeze la blichi. Yale maji ya kuchanganyia rangi, asilimia 6, 9 mpaka 12, ni haidrojeni peroksaidi. Joto na mwanga vinayavunja, yanabaki maji na hewa ya oksijeni. Ukiona chupa imevimba tumbo au ukifungua inafoka, ujue hewa ishatoka na nguvu imepungua. Vijana wanakuja wanataka kichwa cha dhahabu kama wanasoka, unapaka unasubiri, kinatoka rangi ya kutu. Mteja anasema fundi hujui. Chupa nimeihamisha dirishani nimeiweka chini ya meza kwenye giza, kesi zimepungua.

Rangi nyeusi ya kuchanganya usiihifadhi iliyobaki kamwe, inaanza kufanya kazi ndani ya bakuli. Utaiona inageuka nyeusi yenyewe. Hina nayo ina dalili yake: unga mzima ni wa kijani, ukigeuka kahawia haushiki.

#13 Kivuli Cha Mwembe

Mnazungumzia urembo, mimi naomba nizungumzie ngozi. Nina ualbino. Kwangu mafuta ya kujikinga na jua siyo kipodozi, ni kama miwani kwa asiyeona mbali, tofauti ni kwamba nikikosea ni saratani.

Miaka ya nyuma tuligawiwa maboksi ya mafuta hayo, msaada kutoka nje, nisiseme nani. Tulipiga picha, tulipiga makofi. Nyumbani nageuza chupa, imebaki wiki tatu. Nyingine ilikuwa imeshapita. Tulipouliza tukaambiwa "si mnapaka nje ya ngozi tu, hamnywi".

Haya mafuta yana vichuja mionzi. Vikichakaa au vikijitenga, unapaka, unahisi umejikinga, unakwenda shamba saa sita mchana bila wasiwasi. Afadhali asiyepaka kabisa, huyo atatafuta kivuli. Hata Marekani, ambako mmesema hawalazimishi tarehe, haya wanayahesabu kama dawa: lazima yawe na tarehe ya mwisho isipokuwa kiwanda kimethibitisha yanakaa miaka 3. Yasiyo na tarehe hesabu miaka 3 tangu siku uliyonunua, ndiyo mwisho.

Mimi natumia ya Kilisun inayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi kwa ajili yetu. Naisifu kwa sababu haizunguki bandari tatu kabla ya kunifikia. Siiachi kwenye bodaboda wala kwenye mtumbwi. Nikienda Sengerema kwa mjomba naifunga kwenye kanga yenye unyevu naitia katikati ya nguo. Ikitoka kama maji kwanza halafu krimu ikafuata, siipaki.

#14 Dada wa Pasiansi

Kivuli, nimesoma mara mbili. Wabeja sana kaka.

#15 Dogo wa Makoroboi

Wakuu mimi niko upande wa pili, nauza. Msinipige mawe.

Mzigo wa bei ya chini unapatikana hivi. Duka kubwa likiona tarehe inakaribia linatushushia sisi, katoni kwa bei poa. Ukiuza ndani ya mwezi, hakuna aliyeumia. Usipouza, hapo ndipo shetani anapokaa pembeni yako. Umeweka mtaji wa mkopo, kikundi kinadai marejesho Ijumaa, na kopo limepitisha siku kumi. Wengine wanabandika stika. Wengine wanafuta kwa asetoni, wino wa mashine unatoka kama rangi ya kucha. Mimi sifanyi, lakini nisiwadanganye kwamba sijawahi kufikiria.

Nawapa za kwetu. Pitisha kidole mahali ambapo tarehe inatakiwa kuwa: palipofutwa pana mng'ao tofauti, au panateleza kuliko pengine. Tyubu nyingi tarehe imegandamizwa kwenye ule mkunjo wa mwisho, hiyo haifutiki, kwa hiyo ukikuta mkunjo umekatwa kwa mkasi na kubanwa upya, rudisha. Kopo lenye karatasi ya fedha chini ya kifuniko, ikiwa imepinda au ina gundi ya pembeni, kuna mtu alishafungua. Na jua. Meza yangu inapigwa na jua kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Kile cha mbele kinachong'aa ndicho kilichoiva zaidi. Omba cha nyuma, cha kwenye boksi. Muuzaji akinuna, nenda meza ya pili.

Nanyi wateja punguzeni kutukaba. Mtu anataka losheni ya elfu nane kwa elfu tatu, halafu anataka na tarehe ndefu.

#16 Sangara Mkavu

Dogo umeongea ukweli mpaka nimesahau nilikuwa nabisha nini. Lakini mbona hakuna aliyegusa mkorogo wa kujichubua? Ule tarehe yake inasomwa wapi?

#17 Mkemia wa Nyegezi

Haisomwi popote. Ukimimina krimu tano kwenye beseni moja umeua tarehe zote tano. Tena tarehe ndiyo shida ndogo hapo. Zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, na zebaki haisubiri iishe muda ndiyo ikudhuru figo, inaanza ikiwa mbichi. Krimu ya haidrokwinoni ikizeeka inageuka kahawia. Wauzaji wanasema "imekolea". Uzi wake uanzishwe peke yake, tutaujaza kurasa.

Kuhusu wapi pa kupeleka malalamiko: tangu 2019 vipodozi vilitolewa kwa waliokuwa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa), ambao sasa ni TMDA (ya dawa na vifaa tiba), vikahamia TBS, shirika la viwango. Wanasajili bidhaa na maduka yenyewe, na ofisi ya Kanda ya Ziwa iko hapa hapa Mwanza. Mama Kitana peleka kopo lako likiwa na ile stika, usiitoe yote. Na risiti kama unayo.

#18 Kitana Cha Mbao

Risiti! Mkemia, hiyo ni bei ya bila risiti.

#19 Kitana Cha Mbao

MREJESHO.

Wiki mbili zimepita. Kopo moja lenye stika nimelipeleka, wamelipokea na maelezo nimeandika kwa mkono wangu, karatasi mbili. Sijui itafika wapi. Mawili hayakufunguliwa, nao wameyachukua. Lile nililolitumia nilibaki nalo.

Nilitaka kulimwaga mtaroni, mume wangu akaniuliza mtaro huo unakwenda wapi. Unakwenda mto Mirongo, na Mirongo unakwenda ziwani, na ziwani ndiko tunakovua na kuchota. Nimelifunga na kifuniko chake nikalizungushia mifuko miwili, limekwenda na gari la taka na nimewaambia wale vijana wasilishike mikono mitupu.

Kabati sasa lina maandishi kama daftari la mahudhurio. Kila kopo limeandikwa siku lilipofunguliwa. Shampuu nachota ya siku. Mafuta ya nyonyo ya kwenye chupa ya soda nilimpa jirani anuse bila kumwambia kitu, akasema "dagaa hawa wa lini?" Yakatoka siku hiyo hiyo.

Wateja wamegawanyika. Wazee wanasema saluni imekuwa duka la dawa. Mabinti wanageuza makopo wanasoma, mmoja jana amenikatalia jeli kwa sababu nilisahau kuandika. Nilifungua nyingine. Imeniuma, lakini nilifungua.

Yule binti wa sendofu harusi ilipita salama, kidonda kimekauka. Pale kisogoni nywele zinaanza kuota, laini kama za mtoto. Alikuja Jumanne kusuka, siyo kuweka dawa. Alikaa kwenye kiti cha mwisho, mbali na kabati. Hatukuliongelea. Wakati wa kulipa nilikataa hela, akaiweka juu ya draya ile mbovu akaondoka.

#20 Ngoja Waje

Kashata zimeisha. Uzi wa mwaka huu.

#21 Dogo wa Makoroboi

Mama, yale makopo matupu ya zamani umeyatupa wapi? Kuna jamaa wanapita mitaani wanayanunua mia tano mia tano. Wanajua wenyewe wanakoyapeleka.

#22 Kitana Cha Mbao

Na mimi najua wanakoyapeleka, mwanangu. Walishapita hapa. Nimewapa yote bure, nimeyatoboa kwenye tako kwa msumari wa inchi tatu.